Njoo Ijumaa

Mara ya tatu nesi alipofungua mkanda wa presha mkononi mwake, bibi hakuhitaji kuambiwa.

"Mia na tisini kwa mia na kumi. Daktari hawezi kukupasua jicho hivi, bibi. Rudi baada ya wiki mbili."

"Jana duka la dawa walinipima ikawa nzuri!"

"Jana hukuwa hapa."

Hapo nesi alisema kweli. Vidonge bibi alivimeza kila asubuhi bila kuruka, na nyumbani moyo ulitulia. Lakini akinusa tu ile dawa ya kusafishia sakafu ya hospitali, ulianza mbio. Mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili. Baada ya miaka arobaini ya cherehani, sasa alitunga uzi kwa kupapasa, na wateja walikuwa wakipungua mmoja mmoja, kwa adabu, wakisingizia safari. Kisu kwenye jicho alikiogopa, tusimfichie. Ila zaidi aliogopa kumaliza siku zake akishikwa mkono kwenda chooni.

Mtaani walimwita Fundi Ijumaa. Hakuna mteja aliyewahi kufika kudai nguo asiambiwe, kwa maneno ya kumtoa nyoka pangoni, "Njoo Ijumaa." Na Ijumaa yenyewe ikifika, ilisogea.

Mjukuu aliyeishi naye alikuwa mwalimu wa chekechea. Jioni hiyo alimkalisha bibi yake kwenye kigoda.

"Fumba macho, bibi. Fuata pumzi yako."

"Niifuate kwenda wapi?"

"Popote. Ikiingia, ujue imeingia. Ikitoka, ujue imetoka. Ni mazoezi ya kutuliza akili."

"Ndiyo uliyosomea miaka mitatu hayo?"

"Ndiyo ninayowatulizia watoto thelathini. Nitashindwa na wewe?"

Karibu ashindwe. Siku ya kwanza bibi alisinzia. Ya pili aliivuta pumzi kwa nguvu mpaka akapaliwa. Ya tatu mawazo yalimvamia, akayafukuza, yakarudi na ndugu zao.

"Yanakuja, yanakaa, hayaondoki!" akalalama.

"Usigombane nayo, bibi. Yaambie kwa upole yaende, halafu rudi kwenye pumzi. Hujui kumwondoa mtu kwa upole?"

Kama kulikuwa na mtu duniani aliyejua kumwondoa mtu kwa upole, alikuwa amekaa kwenye kigoda kile.

Asubuhi akakaa kando ya cherehani yake, akafumba macho. Wazo la kwanza likabisha hodi: je, mkono wa daktari ukiteleza? Hakubishana nalo. "Nimekusikia, mpenzi," akasema. "Njoo Ijumaa." Akarudi kwenye pumzi. Likaja la presha. Njoo Ijumaa. Likaja la giza, lile kubwa kuliko yote, akalipokea kwa heshima na kulisindikiza mpaka mlangoni. Pumzi ikaingia, ikatoka. Alipofumbua macho, mabega yalikuwa yameshuka, na yalikuwa yamekaa karibu na masikio muda mrefu hata alisahau kwamba hapo si mahali pake. Akakaa hivyo kila asubuhi, dakika kumi kumi, mpaka siku ya kurudi hospitali.

Mkanda ukambana mkono. Moyo ukaanza tena vituko vyake.

"Njoo Ijumaa," akanong'ona.

"Unasemaje, bibi?"

"Si wewe, mwanangu. Naongea na mteja."

Nesi akapima, akapima tena. "Mia na thelathini na tano kwa themanini na mbili! Umefanya nini?"

"Nimesema uongo," bibi akajibu. "Wangu ule ule wa siku zote."

Nesi hakuelewa, akafunua daftari la miadi. "Haya. Upasuaji utakuwa Ijumaa."

Mjukuu, aliyekuwa amemsindikiza, alicheka mpaka akashika ukuta. Bibi hakucheka. Hofu zote za wiki mbili alikuwa amezipa miadi ya siku moja!

Na zilikuja kweli. Ijumaa asubuhi, akiwa amelazwa kwenye kitanda cha magurudumu nje ya chumba cha upasuaji, alizihisi zimejipanga foleni: kisu, mkono wa kuteleza, giza. Aliogopa, na alijua kwamba anaogopa. Akavuta pumzi, akaitoa taratibu. Kisha akafanya kama fundi yeyote mwenye heshima zake.

"Samahanini sana, wapenzi," akasema. "Njooni Jumatatu."

Jumamosi nesi alimfungua bandeji. Kwanza bibi aliona mwanga, kisha ufa ukutani, kisha nesi mwenyewe, mdogo kuliko sauti yake. Furaha ikamjaa kifuani. Dirishani alisimama mjukuu, amevaa gauni la buluu alilomshonea mwaka uliopita kwa kupapasa. Bibi akalitazama pindo. Upande mmoja ulipanda gotini, mwingine uliteremka karibu na kifundo cha mguu.

"Hilo pindo kashona nani?"

"Wewe, bibi."

"Na umelivaa mwaka mzima mbele za watu?"

"Kila Jumatatu. Shuleni."

Bibi akataka kulia.

"Usilie, daktari amekataza."

Akavuta pumzi, akaitoa. "Tukifika nyumbani ulivue. Nitalitengeneza."

Mjukuu akatabasamu. "Nije lini, fundi?"

"Leo," akasema bibi.