Nyota Tatu za Mtakatifu Kasmir

Jumatatu jioni Evodia alirudi nyumbani kwake mtaa wa Mazwi akiwa amelowa hadi magotini, baiskeli imejaa tope, lakini uso wake uking'aa. Mumewe, Kasmir, alikuwa jikoni akisonga ugali.

"Baba Edith," alisema kabla hata ya kuvua koti, "somo yako amepata nyota tatu."

"Somo yangu yupi?"

"Unao wangapi? Mtakatifu Kasmir, tarehe nne Machi. Kompyuta imempa nyota tatu. Yosefu hana hata moja. Petro na Paulo hawana. Noeli yenyewe haina kitu."

Kasmir aliweka mwiko chini. Habari ya nyota hakuielewa, lakini habari ya kumshinda Petro aliielewa mara moja.

Evodia alikuwa na miaka hamsini na miwili. Mchana alikuwa mhasibu wa duka la pembejeo. Jioni alikuwa mwanafunzi wa shahada ya uzamili, katika madarasa ambayo chuo kimoja cha mbali kilikuwa kimeyafungua mjini Sumbawanga kwenye vyumba vya kukodi. Somo alilochagua liliwashangaza hata wanawe: utafiti wa bei za mali. Kwa nini mali hii humpa anayeishika faida kubwa kuliko ile? Je, analipwa kwa sababu ya hatari anayoibeba, au soko limekosea, au ni bahati tu? Vitabu vilizungumzia hisa za Ulaya na Amerika. Sumbawanga hapakuwa na hisa, kulikuwa na ulezi.

Na ulezi, ukiufikiria vizuri, ni mali hasa. Mahindi huliwa na dumuzi, lakini ulezi hukaa ndani ya kihenge mwaka hadi mwaka bila kuharibika. Anayeununua wakati wa mavuno na kuushika anangoja bei, kama anavyongoja mwenye hisa. Zamani, bei ya mazao ilipopangwa na serikali, hapakuwa na cha kutafiti. Soko lilipofunguliwa, bei ilianza kupanda na kushuka kila wiki, na ofisi ya biashara ikawa inaziandika. Zilikuwapo bei za miaka kumi na miwili. Evodia aliingiza miaka tisa kwenye kompyuta ya darasani kwa vidole vyake mwenyewe. Mitatu ya mwisho aliiacha kwa kukosa muda.

Wazo lake lilitoka kanisani. Katika nchi hiyo ya Ufipa kila mbatizwa ana somo yake mbinguni, mtakatifu mwenye jina lake, na sikukuu ya somo ikifika, watu hupika pombe ya ulezi. Basi kabla ya sikukuu kubwa, bei haina budi kupanda. Alianza na Noeli na Pasaka, akakuta wafanyabiashara wanazijua sikukuu hizo mapema mno, bei imeshapanda zamani, hakuna faida ya ziada. Akamjaribu Yosefu. Akamjaribu Anna. Akaendelea na kalenda ya misheni, jina baada ya jina, kama mtu anayeimba litania ya watakatifu. Wakati huohuo alikuwa kwenye novena, sala ya siku tisa, ya kuomba matokeo, kwa maana Jumamosi ya wiki hiyo alitakiwa kuitetea tasnifu yake mbele ya watahini. Asiyekuwa tayari siku hiyo angesubiri mwaka mzima, na watu walikuwa wanasema madarasa ya jioni yatafungwa kabla mwaka haujaisha.

Siku ya tisa ya novena, nyota tatu zilitokea. Nyota ni alama ambayo kompyuta huiweka pembeni mwa namba, kumaanisha kwamba namba hiyo si rahisi kutokea kwa bahati tu. Evodia alipiga magoti palepale mbele ya kompyuta. Adolfu, mlinzi wa vyumba vile vya kukodi, alikuja mbio akidhani mama wa watu ameanguka.

Jumatano, alipofika darasani, Yonas alikuwa anamngoja. Yonas alikuwa kijana wa benki, Mmoraviani, na tasnifu yake ilihusu hisa za soko jipya la Dar es Salaam.

"Shikamoo, Mama Edith. Nasikia mmepata mtakatifu wa biashara."

"Marahaba. Nani kakwambia?"

"Mzee Kasmir. Alikuwa sokoni anawahubiria wauza dagaa wa Kasanga. Sasa sisi Wamoraviani tusio na somo ndiyo tufe maskini?"

"Badala ya kucheka, nenda kafanye kazi yako."

"Niachie kompyuta kidogo tu, mama. Nataka nitafute mtakatifu wa kwetu."

Yonas alizunguka darasa zima akiuliza tarehe za kuzaliwa. Kila mwanafunzi alitaja yake, wengine wakataja na za wake zao. Alipomaliza ndani akatoka hadi mlangoni kwa Adolfu. Kisha akaketi, akaziingiza zote mahali pa sikukuu za watakatifu, na baada ya muda akaanza kucheka huku ameshika meza.

"Adolfu! Njoo huku!"

"Nimefanya nini tena?"

"Umesema ulizaliwa lini?"

"Tarehe kumi na saba Septemba. Cheti kipo, usinitishe."

"Wiki yako ya kuzaliwa ulezi unapanda. Nyota tatu! Na namba yako ni kubwa kuliko ya Mtakatifu Kasmir."

Adolfu alivua kofia taratibu. "Kumbe ninapandisha ulezi," alisema. "Mbona mshahara umenishinda?"

Darasa lilivunjika mbavu. Evodia naye alicheka, halafu kicheko kikamkauka mdomoni.

Wakati huo aliingia Dkt. Kija, mwalimu wao, mtoto wa wafugaji wa Kisukuma waliohamia upande wa Muze na ng'ombe wao. Alikuwa mdogo kwa Evodia kwa miaka mingi, na kila jioni alimwamkia kwanza ndipo akawa mwalimu wake.

"Shikamoo, mama. Kuna nini?"

Yonas alimwonyesha. Dkt. Kija aliangalia kioo cha kompyuta, akamwangalia Adolfu, akakuna kidevu.

"Mama, ulijaribu watakatifu wangapi?"

"Wote waliomo kwenye kalenda."

"Kama mia mbili hivi."

"Kama mia mbili."

"Ukigonga milango mia mbili hapa Mazwi," alisema Dkt. Kija, "hata kama hakuna anayekujua, wachache watakufungulia kwa kudhani ni mtu mwingine. Na mmojawapo atakukaribisha chakula kabisa."

"Kwa hiyo nimfute?"

"Sijasema umfute. Tasnifu ni yako, na Jumamosi ni yako."

Siku iliyofuata Evodia alishinda na ile milango mia mbili kichwani. Aliandika risiti za mbolea huku akijibizana na nafsi yake. Alikuwa amesali siku tisa. Jibu lilikuja siku ya tisa. Je, mtu hulitupa jibu la sala kwa sababu Yonas amefanya utani na mlinzi?

Jioni hiyo jumuiya yao ya kanisani ilisali nyumbani kwao. Evodia alikuta rozari imeshaanza. Walipomaliza, Otilia, mwenyekiti wa jumuiya, alimgeukia.

"Mama Edith, tumeshakubaliana. Ulezi wote tulio nao hatuuzi, na wiki hii tunanunua mwingine. Tarehe nne Machi tunautoa sokoni wote kwa pamoja."

"Mmekubaliana lini?"

"Ulipokuwa hujafika. Mzee Kasmir ametueleza yote."

Kasmir alisimama kama mtu aliyeombwa hotuba. "Ndugu zangu, mnanijua. Tangu nibatizwe, somo yangu anaangukia Kwaresima karibu kila mwaka. Wenzangu akina Petro wanapikiwa pombe, wanapigiwa ngoma. Mimi siku yangu ikifika naletewa uji! Nimelalamika sana. Kumbe mwenzangu huko juu alikuwa ananitengenezea mambo kwenye ulezi!"

Akina mama walicheka hadi mtoto mmoja akaamka. Evodia hakucheka. Alikuwa amekaa na rozari mkononi, akisikia neno moja tu: Kwaresima. Hoja yake yote ilisimama juu ya pombe. Kama wiki ya Mtakatifu Kasmir watu wa uwanda mzima wa Ufipa wamefunga na hawapiki, huo ulezi unanunuliwa na nani?

"Mbona hucheki?" Otilia aliuliza.

"Naomba mnisubiri hadi kesho jioni. Msinunue bado."

"Kwani mtakatifu atabadilika?"

"Yeye hapana," alisema Evodia. "Mimi ndiye huenda nikabadilika."

Wageni walipoondoka alibaki peke yake sebuleni, akapiga magoti. Sala yake ilikuwa fupi kuliko kawaida. "Bwana, nilikuomba matokeo. Sikukuomba ukweli. Naomba nibadilishe ombi langu." Ile miaka mitatu aliyoiacha haikuwa imeguswa na mtu. Haikujua kwamba Kasmir anasubiriwa. Kama nyota zake ni za kweli, zingeonekana huko pia.

Ijumaa aliomba ruhusa kazini. Benki ilipofunga, Yonas alikuja kumsomea bei, wiki kwa wiki, naye akawa anaziingiza.

"Mama," Yonas alisema walipokaribia mwisho, na safari hii hakuwa anatania, "una hakika? Huyu Kasmir akianguka, kesho utasimama na nini?"

"Nitasimama na miguu yangu. Soma."

Walimaliza. Evodia alifanya ishara ya msalaba, akabonyeza. Namba zilitoka. Katika miaka ile mitatu, wiki ya Mtakatifu Kasmir bei ilipanda mara moja, ikashuka mara moja, na mara moja haikutikisika. Hapakuwa na nyota hata moja.

Adolfu alikuwa amechungulia mlangoni. "Na mimi?"

"Na wewe umeanguka," Yonas alimjibu.

"Afadhali. Nilishaanza kuiogopa Septemba."

Evodia alifungua sura ya tatu ya tasnifu yake, sura ambayo siku mbili kabla alitaka kuikata kwa kuwa haikuwa na mvuto. Humo alikuwa ameandika jambo dogo: kwamba anayeushika ulezi tangu mavuno hulipwa kidogo zaidi ya anayeuza haraka, kwa sababu yeye ndiye anayebeba hofu ya mvua nzuri, mavuno mengi na bei kuporomoka. Alilijaribu nalo kwa miaka ile mitatu. Lilikuwa na nyota moja tangu mwanzo, na nyota hiyo ilikuwa bado ipo.

"Ndiyo hii tu?" Yonas aliuliza.

"Ndiyo hii," alisema Evodia, akaanza kuandika upya utangulizi.

Nyumbani, Kasmir alimsikiliza hadi mwisho.

"Hata nyota moja?"

"Hata moja."

"Na Petro?"

"Petro naye hana."

"Basi tuko sawa." Alichukua koti lake ukutani.

"Unakwenda wapi?"

"Kwa Otilia. Nilitangaza mimi, nitangue mimi."

Alirudi baada ya muda mfupi, akionekana mwepesi. "Wamecheka sana," alisema. "Ulezi wao watauweka tu kama wanavyouweka kila mwaka. Ila wamesema mwakani nisipewe nafasi ya matangazo."

Jumamosi asubuhi chumba kilikuwa na baridi. Mbele walikaa Dkt. Kija na profesa mgeni kutoka Dar es Salaam, mama mwembamba aliyejifunika kitenge juu ya suti. Evodia aliweka mezani kila kitu: watakatifu wote, wale tisa waliopata nyota katika miaka ya mwanzo, na jinsi nyota zote zilivyozimika katika miaka mitatu ya mwisho. Profesa alifunua ukurasa, akakomea hapo.

"Huyu Adolfu ni nani? Simwoni kwenye kalenda."

"Ni mlinzi wetu, profesa. Yuko hapo mlangoni."

Profesa alimtazama Dkt. Kija. Dkt. Kija alikuwa anatazama dari.

"Mama Evodia," alisema profesa, "mwanzoni mwa wiki ulikuwa na matokeo mazuri. Ungeniletea hayo tu, nisingejua. Kwa nini ukaingiza hii miaka mitatu?"

Jana yake Evodia alikuwa ameandaa sentensi nzuri ya kujibu swali hilo. Ilimtoka kichwani yote.

"Kwa sababu ilikuwepo," alisema.

Profesa aliandika kitu. Halafu yakaja maswali ya sura ya tatu, magumu, kuhusu mvua, usafiri na hatari, na mara mbili Evodia alijibu, "Hilo silijui." Alitolewa nje, akaitwa tena.

"Kuna masahihisho mengi," profesa alianza. Sura ya tatu iwe ndiyo kiini cha kazi. Kichwa cha tasnifu kibadilishwe. Jedwali la watakatifu libaki, na Adolfu abaki. Kiingereza kinyooshwe. Evodia aliandika yote kwa bidii, kisha akainua kalamu.

"Samahani, profesa. Nimefaulu au sijafaulu? Nikirudi nyumbani na masahihisho peke yake hawatanielewa."

"Umefaulu, mama."

Alishika mgongo wa kiti, akafumba macho, akasali Salamu Maria moja kimoyomoyo, nzima, bila kuikimbiza. Watahini wawili walimngoja.

Nje, Yonas alikuwa amekaa kwenye benchi, tai imemkaba, tasnifu yake kifuani.

"Mama! Vipi?"

"Nimepita, mwanangu. Mungu ni mwema."

"Wanauliza nini, niambie haraka."

"Wanataka kujua umejaribu mara ngapi hadi ukapata ulichokipata."

Tabasamu la Yonas lilianza kushuka kidogo kidogo. Tasnifu yake ilisema kwamba hisa za Dar es Salaam hupanda mwisho wa mwezi.

"Nilianza na mwanzo wa mwezi," alisema taratibu. "Haikutoa kitu. Halafu katikati ya mwezi. Halafu wiki ya mishahara. Halafu Ramadhani, halafu bajeti, halafu..." Akaishusha tasnifu magotini. "Mama Edith, sijawahi kuhesabu."

Evodia aliketi kando yake, akatoa kalamu. "Taja. Mimi naandika."

Mlango ulifunguliwa. Dkt. Kija alitoa kichwa na kuita jina la Yonas.

"Dakika tano, mwalimu," alisema Evodia bila kuinua macho. "Bado tunahesabu."