Bomba Linalotoa Makofi

Mgeni alifika saa tisa alasiri, na begi moja la nguo na sanduku la spana ambalo hakukubali kupokelewa. Mwenyeji wake, mama wa makamo mwenye goti bovu, alimwonyesha chumba, kitanda na msumari wa kutundikia nguo, kisha akampeleka nyuma ya nyumba kwenye kibanda cha mabati cha kuogea. Ndani palikuwa na jiwe la kusimamia na ndoo ya bluu iliyojaa maji pomoni.

“Oga, mwanangu. Vumbi la safari hilo.”

“Nusu inanitosha, mama.”

“Mgeni wangu aoge nusu? Unataka watu waniseme?”

Akaoga yote. Alikuwa fundi bomba wa kike, mwenye miaka ishirini na sita, ametoka nchi nyingine kujitolea kwa miaka miwili, na hii ilikuwa ziara yake ya kwanza: siku tatu za kuonana na watu kabla ya kuhamia moja kwa moja. Mjini walikuwa wamemfundisha kwa wiki tisa lugha, salamu, na jinsi ya kutokataa anachopewa. Somo hilo la mwisho alikuwa amelishika vizuri mno.

Kijijini walimwita Saba, kwa kuwa wa kujitolea sita walishamtangulia. Haikuwa dharau. Majina ya wale wa kwanza yaliwashinda kutamka, na hao wengine hawakukaa muda wa kutosha mtu kuyazoea.

Alipomaliza kuvaa alitoka nje. Hatua kumi kutoka mlangoni palikuwa na bomba lililojengewa nguzo ya zege, na juu yake kibao cha marumaru chenye jina la mgeni rasmi. Fundi akiona koki hawezi kuipita hivi hivi. Saba akaifungua.

Yakatoka makofi. Yalitoka kwa nguvu, makofi ya watu wengi, yakiwa na vigelegele viwili vitatu ndani yake, yakamwagika kwenye sakafu ya saruji na kuishia mtaroni. Saba akasikiliza kidogo, akatoa daftari, akaandika: msukumo mzuri.

“Funga, mwanangu,” mama aliita kutoka jikoni. “Jirani ana mgonjwa.”

Walipokaa kunywa chai, mama alimweleza yote bila kuzunguka. Siku ya uzinduzi mgeni rasmi alikuwa na haraka, maana mawingu yalikuwa yametanda na ile barabara ikilowa haipitiki. Maji yalikuwa bado yanashuka kutoka kwenye chanzo huko mlimani, mwendo wa kutwa nzima kwa miguu.

“Akasema tupige makofi kabisa, maji yatatukuta hapo hapo. Tukapiga. Makofi yakaingia bombani kwanza, maji yakabaki nyuma. Yako nyuma mpaka leo.”

“Na hayo mabomba mengine matano?”

“Yote yalizinduliwa hivyo hivyo. Watu wa hapa tuna adabu, tatizo letu ndilo hilo.”

Yule wa Tatu, alisema mama, aliwahi kujaribu. Aliacha koki zote wazi kiangazi kizima, mchana na usiku, ili makofi yaishe. Watu walizoea kuongea kwa kupaza sauti, mbuzi wakazoea, na mwalimu akawa anaandika kila kitu ubaoni. Hatimaye mabomba yakanyamaza. Asubuhi moja, kwenye bomba hili hili la hapa nje, yakatoka maji. Kikombe kimoja, cha maji safi kabisa.

“Sasa mama mmoja akafurahi sana,” alisema mama, “akapiga makofi.” Akatazama chai yake. “Mama huyo ni mimi. Sikuweza kujizuia, na kijiji kizima kikanifuata.”

Hakuna aliyemlaumu. Aliyejilaumu alikuwa mwenyewe, na alikuwa akiifanya kazi hiyo kila siku kwa miaka minne.

Binti wa mama alikuja kuondoa vikombe. Mimba yake ilikuwa imetimia, naye alitembea mkono mmoja kiunoni, akiimba kwa sauti ya chini. Zahanati ilikuwa na sharti: anayekuja kujifungua aje na ndoo mbili za maji zenye vifuniko. Bila maji nesi angemwoshea nini mtoto, na yeye angenawa nini? Mto ulikuwa mwendo wa saa moja na nusu kwenda, na kurudi ni zaidi, kwa kuwa ni kupanda.

“Zangu zilikuwa tayari zote mbili, zile za bluu,” alisema binti. “Usijali, dada, kesho nafuata nyingine. Mtoto bado wiki moja.”

Mama akamkata jicho, lakini neno lilikuwa limeshatoka. Saba aliona haya mpaka masikio yakamwaka moto. Ngozi yake ilikuwa bado inanukia sabuni. Akasema ataenda mtoni yeye, na wote wawili wakacheka, wakidhani anatania. Mgeni, mtoni, siku ya kwanza?

Alilala akiwa amepania kumwahi. Alfajiri alipoamka, binti hakuwepo na ndoo haikuwepo. Mama alikuwa amekaa kizingitini akilisugua goti lake.

“Ameenda taratibu,” alisema. “Atarudi tu.”

Saba akachukua sanduku lake la spana. Hakuweza kuusogeza mto karibu, lakini bomba alilijua, na makofi yaliyobaki ndani yalikuwa ya asubuhi ile moja tu, si ya uzinduzi wa mabomba sita. Alipita nyumba kwa nyumba akiwaomba watu kitu kimoja, kwamba siku hiyo, tafadhali, pasiwe na mtu wa kupiga makofi. Wakakubali bila ubishi. Siku hiyo mbu waliuawa kwa vitambaa na waliokuwa wakikanda unga walikunguta mikono yao kwa uangalifu mkubwa. Akafungua mabomba matano, la sita akaliacha la mwisho. Hilo lilikuwa kwenye ua wa zahanati, bondeni kuliko yote, na alitaka kila kilichobaki kwenye mfumo kitokee hapo.

Kufikia saa nne makofi yalikuwa yamepungua hata ungeweza kuyahesabu. Kulikuwa na mpigaji mmoja mvivu, mwingine aliyechelewa kila mara, na mmoja mwenye viganja vidogo, pengine mtoto wa shule wa wakati ule. Saba alikaa kwenye ukingo wa mtaro pale zahanati akawasikiliza wakiondoka mmoja mmoja. Moyo wake ulianza kuchangamka. Alipiga hesabu kwamba binti akirudi atayakuta maji.

Saa tano wanawake wanne walimleta binti wakiwa wamembeba kwenye shuka. Uchungu ulimshika njiani akipanda kutoka mtoni, ndoo ikiwa kichwani. Maji yote yalimwagika. Mtoto alikuwa amezaliwa pale pale kwenye changarawe, mtoto wa kike, na hakulia. Mwanamke wa tano alikuja nyuma amemshika ndani ya kitenge.

Walipopita uani bomba lilikuwa likiendelea kutoa makofi, mawili matatu, halafu kimya, halafu mawili.

“Lifunge hilo,” alisema nesi.

Saba akalifunga. Nesi alifanya kila alichoweza kwa ile ndoo moja iliyobaki nyumbani, ambayo mama aliileta akichechemea; binti akatulia, mtoto hakuamka. Mama alikaa na mjukuu wake mapajani kwa muda mrefu, akimnyoosha vidole. Saba alisimama mlangoni. Alitaka kusema kwamba alioga maji ya mtoto huyu, lakini katika wiki zile tisa hakuwa amefundishwa sentensi ya namna hiyo, na hata katika lugha ya kwao hakuiona. Mama alimtazama.

“Umekula, mwanangu?” akamuuliza.

Baada ya hapo Saba alirudi kwenye bomba na kulifungua tena, kwa sababu hakujua kazi nyingine. Saa nane likanyamaza. Saa tisa na nusu kwenye mdomo wa koki palikuwa na tone. Lilivimba, likaanguka, likafuatwa na lingine. Saba akayagusa matone kwa kidole. Yalikuwa baridi, na yalikuwa maji.

Saa kumi mwenyekiti wa kijiji alifika na watu wake wote wamevaa vizuri. Ratiba kutoka ofisi iliyomtuma Saba ilisema: siku ya pili, saa kumi, mapokezi rasmi, piga picha. Watu wakajipanga mbele ya bomba, kwa kuwa hapo ndipo mgeni alipokuwa.

“Mwenyekiti, nawaomba msipige,” Saba alisema. “Maji yamefika. Nusu saa tu.”

Mwenyekiti aliona matone. Hakuwa mjinga, na uso wake ulionyesha kwamba yalimuuma.

“Binti yangu, kwenye fomu utakayoirudisha ofisini kuna mstari wa mapokezi. Kijiji cha ng’ambo ya mto hawakupiga makofi. Walikuwa na msiba, wakamsalimia mgeni kwa kumpa mkono. Ikaandikwa kwamba hawako tayari. Mpaka leo hawajaletewa mtu, na zahanati yao imefungwa. Sisi tukifungiwa hii hapa, wa kesho atajifungulia wapi?”

Saba akageuka kuyatazama matone. Wakati huo mama aliingia uani, akitokea makaburini walikomzika mtoto. Watu wakampisha, akasimama mbele kabisa, mahali pa mwenyeji. Udongo ulikuwa bado umemganda mikononi.

Mwenyekiti akataja jina la mgeni, jina lake kamili, akikosea mara mbili. Watu wakapiga makofi. Nyuma ya Saba bomba likakohoa, matone yakarudi ndani, na makofi yakaanza kumwagika kwenye saruji, mapya, yenye nguvu. Saba aliinamisha kichwa kama alivyofundishwa. Wengine walipochoka wakaacha. Mama aliendelea peke yake kidogo, kwa kuwa mgeni alikuwa wake.