Chumba cha Mzee Abdelrahim

Sitelbanat alipiga kipande cha reli kilichoning'inia mlangoni, akasikiliza. Siku nyingine mlio ule ulipopita juu ya mapaa ya madebe, wasichana walitoka vichochoroni mbio, wengine bado wanafunga vitambaa vya kichwa, wengine na kiazi mdomoni. Leo walikuja wakitembea. Waliingia kimya, wakakaa kwenye mabenchi na kutazamana. Kutoka nyumba ya ng'ambo ya kichochoro kilio kilisikika, kikapoa, kikaanza tena.

Mzee Abdelrahim alikuwa amefariki alfajiri.

Alikuwa askari wa Keya, jeshi la Mwingereza, zamani, na chumba walichosomea kilikuwa chake. Kabla ya shule kilikuwa ghala la mahindi. Sitelbanat alipomwendea kuomba mahali pa kufundishia wasichana wa Sarang'ombe, mtaa wao wa Kibra, mzee hakuuliza mengi. Alisema mahindi yanaweza kulala popote, akaanza kuyatoa magunia mwenyewe kwa mgongo ule mbovu.

Na leo ndiyo ilikuwa siku ya watu wa ofisi ya elimu kuja kuikagua shule. Wakiridhika, shule ingeruhusiwa kuwa na darasa la nne, na wasichana wangefanya mtihani kama wavulana wa shule za misheni. Wasiporidhika, shule ingefungwa. Kwa hiyo Sitelbanat alikuwa amekandika sakafu upya kwa udongo na mavi ya ng'ombe, akapaka kuta chokaa, akabandika ratiba mahali ambapo mgeni angeiona kwanza. Sasa mgeni angekuja, na ng'ambo ya kichochoro maiti alikuwa hajaoshwa.

Fatna, binti mkubwa wa marehemu, alitokea mlangoni. Gurbaba lake, nguo ya kujifunga ya Kinubi, lilikuwa limefungwa ovyo na macho yamevimba.

"Mwalimu, unapiga chuma na baba yangu yuko ndani?"

"Pole, dada. Mungu amrehemu."

"Pole yako nimeisikia alfajiri. Sasa nataka wasichana. Nani atachota maji? Bomba liko kule relini, na mimi nina wazee wa kike na wajukuu wadogo tu. Mama zao wote wako kwangu, wanaona haya. Msiba kama huu, mabinti wa Kibra wamekaa shuleni wanaimba a, e, i!"

Sitelbanat alitoka nje, akaurudisha mlango nyuma yake. Alikuwa amekwisha kuliwaza jambo hilo tangu alfajiri, alipokuwa akilia peke yake huku akisugua ubao.

"Maji utapata," alisema. "Watakuja watatu watatu. Hawa wakirudi, wengine wanatoka. Pipa halitakauka mpaka mzee atoke nyumbani. Na watu wa elimu wakishaondoka, wote ni wako, na mimi pamoja nao, mpaka sufuria ya mwisho ioshwe."

"Watatu watatu."

"Kwa zamu."

Fatna alimtazama kama mtu anayetazama mzigo aliokwisha kuchoka kuubeba. "Wewe na saa yako. Siku ukifa tutakuzika nayo."

"Mkinizika nayo, msisahau kuitia ufunguo."

Fatna karibu acheke. Kisha akakumbuka, uso ukaanguka, akaondoka. Baada ya muda Sitelbanat alisikia sauti ya mwanamke kutoka uani kwa wafiwa: "Ee wallahi, mwalimu wenu ameuandikia hata msiba ratiba!" Wengine wakaguna.

Saa yenyewe ilikuwa ya mezani, ndogo, ya bati. Ukiisimamisha, ilisimama kabisa. Ukiilaza chali, ilitembea. Sitelbanat aliilaza juu ya kitambaa safi, akawatoa wasichana watatu wa kwanza wenye madebe.

Mwalimu msaidizi, Wangoi, alifika viatu mkononi na miguu ina matope mpaka magotini. Alitoka upande wa Kawangware, ambako watu wake walikuwa na shamba, na kila asubuhi alivuka bonde kwa miguu.

"Nimesikia njiani," alisema kwa sauti ya chini. "Pole sana. Hatufungi?"

"Hatufungi."

"Na wakiuliza habari ya pasi?"

Hapo ndipo palipokuwa na kidonda. Ardhi ya Kibra ilikuwa ya serikali, na kila nyumba ilisimama juu ya pasi, kibali cha kukaa alichopewa askari mmoja mzee. Askari akifa, pasi nayo ilikuwa imekwisha, ila kama jina la mrithi lilikwisha kuandikwa ofisini angali hai. Jina la Fatna lilikuwa halijaandikwa. Kila mtu alijua lazima liandikwe. Lakini nani angemwambia mzee? Huku, kumwuliza mzee nyumba yake ataachiwa nani ni kumwonyesha kaburi. Watoto wake hawakuthubutu. Sitelbanat mwenyewe alimwendea mara mbili, maneno ameyapanga vizuri kabisa, na mara zote mbili aliishia kumwuliza hali ya magoti. Yeye aliyepanga wakati wa hesabu, wa kusoma, wa kushona na wa kufagia, jambo hilo moja hakulipangia wakati.

"Hawatauliza," alisema. Alitumia sauti yake ya mbele ya darasa, ile isiyotetemeka.

Wangoi alivaa viatu. "Sawa. Wewe ndiye mkubwa."

Saa tatu, waliyoambiwa, ilifika, ikapita. Garimoshi la kwenda bara lilipita likitikisa chokaa ukutani. Wasichana walitoka na kurudi, mikono ya nguo zao imelowa, wakikaa na kuanza kusoma katikati ya sentensi waliyoiacha. Mmoja alisinzia. Sitelbanat alimgusa bega, hakumgombeza. Yeye mwenyewe alikuwa hajala kitu, na kila kilio kilipopanda ng'ambo ya kichochoro alijisikia mwizi.

Mabrouka alikaa benchi la mbele. Alikuwa binti wa Fatna, mjukuu wa marehemu, na ndiye aliyejua hesabu kuliko wote. Asubuhi Sitelbanat alimwambia, "Wewe nenda kwa haboba yako." Msichana alijibu kwamba bibi yake alikuwa na watu wengi wa kumshika. Sitelbanat hakumwambia mara ya pili. Alimhitaji. Alilijua hilo, na Mabrouka pia alilijua. Basi msichana alikaa na kibao chake magotini, akiandika tarakimu na kuzifuta.

Jua lilipokuwa karibu kufika utosini, baiskeli ilisimama mlangoni. Mwanamume mwenye tai na suruali iliyobanwa kwa vibanio kwenye vifundo vya miguu aliingia, akijifuta uso.

"Mimi ni Simeon Kihara, karani wa elimu. Bwana mkubwa hakuweza kuja. Ana mambo mengi." Aliketi kwenye kiti cha Sitelbanat, akaiona saa. "Hii saa yenu imelala."

"Hutembea ikilala, bwana."

"Hm. Mwalimu, shule ni wakati. Mkuu wa shule asiyejua wakati ni kama dereva asiyejua breki."

Wangoi alikohoa kwa ghafla, akageukia dirisha.

"Tumekungoja tangu saa tatu," Sitelbanat alisema.

"Kazi ya ofisi ni kazi ya ofisi." Alitembeza macho juu ya mabenchi. "Wengine wako wapi?"

"Watatu wamekwenda kuchota maji. Ni zamu yao. Watarudi sasa hivi, na utaona kama watakuwa wamepotea katika somo."

Kweli waliingia, wakaweka madebe nje, wakakaa. Kihara alimnyooshea kidole mmoja wao, na msichana akasoma palipofikiwa bila kugugumia. Karani aliinua nyusi. Akasimama, akaisoma ratiba ukutani kwa kidole, mstari kwa mstari. Akaandika hesabu ubaoni, hesabu ya magunia na bei, ngumu kuliko za darasa lao. Mabrouka alikwenda, akaitoa bila kutazama nyuma. Chaki ililia ubaoni mkononi mwake, na huko nje mwanamke alilia vilevile.

"Kelele gani hizo?" Kihara aliuliza.

"Majirani," Sitelbanat alisema.

"Kibra hii! Sikukuu kila siku." Alirudi kitini, akatabasamu mara ya kwanza. "Mwalimu, nitasema kweli. Nimetembelea shule zenye mawe na vioo, sikuona mpango kama huu. Vizuri. Nitaandika vizuri."

Sitelbanat alishika ukingo wa meza. Aliwaona wasichana wake darasa la nne, wamekaa na wino na karatasi, Mabrouka mbele yao.

Kihara alitoa fomu, akaifungua kalamu. "Sasa haya madogo madogo. Mwenye nyumba?"

"Abdelrahim Fadlalla."

"Askari?"

"Wa Keya."

"Pasi iko?"

"Iko nyumbani kwake."

"Basi mwite aje aweke dole gumba hapa, nimalize. Njaa inaniuma."

"Hawezi kuja."

"Mgonjwa?"

Neno moja tu lilitakiwa. Ndiyo. Angeandika mgonjwa, angeondoka, na karatasi ingepanda mezani kwa Bwana. Wangoi alimtazama Sitelbanat, macho yake yakisema: sema. Sitelbanat alifungua mdomo.

Sauti za wanaume zilisikika kichochoroni, nzito, zikienda pamoja. La ilaha illallah. La ilaha illallah. Jeneza lilikuwa limetoka nyumbani, likielekea msikitini Makina, na njia yake ilipita mbele ya dirisha la shule.

Kibra yote inajua: jeneza likipita, unasimama. Aliye na tonge mdomoni hulitoa. Mwenye mkokoteni huuacha pale pale.

Mabrouka alisimama kwanza. Benchi likalia. Kisha darasa zima likasimama, mikono mbele, vichwa chini, na Wangoi, aliyekuwa Mkristo, akasimama pamoja nao. Jeneza lilipita dirishani, limefunikwa shuka ya kijani, likipokewa bega kwa bega. Mdomo wa Mabrouka ulicheza, lakini hakutoa sauti.

Kihara alibaki ameketi, kalamu juu. "Nani amewaruhusu kusimama? Mimi bado nafanya kazi."

"Mimi," Sitelbanat alisema, ingawa hakuwa ametamka lolote.

"Kwa sababu gani? Ni nani huyo?"

Sauti za wanaume zilikuwa zinafifia. Sitelbanat alimtazama Mabrouka.

"Ni mwenye nyumba," alisema.

Karani hakuwa mtu mbaya. Aliifunga kalamu polepole, na alipozungumza sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Pole, mwalimu. Poleni nyote. Mrithi ameandikwa?"

"Hajaandikwa."

"Basi pasi imekufa. Siwezi kuandika shule mahali ambapo hapana mwenyewe. Hata nikiandika, ofisi ya ardhi itakuja na watu wa kubomoa, niulizwe mimi. Sheria si yangu." Alikunja fomu. "Ingekuwa tu jana. Bahati mbaya."

"Mwezi uliopita mlisema mnakuja," Sitelbanat alisema. Hakupaza sauti. "Alivaa koti lake la Keya na nishani zake. Alikaa hapo mlangoni, hapo baiskeli yako iliposimama, tangu asubuhi mpaka jua likazama. Alikuwa na pasi mfukoni. Alikataa hata kwenda kula, asije akawakosa."

Kihara alitazama mlangoni. "Njia ilikuwa na matope," alisema.

Karani alijifuta uso tena ingawa haukuwa na jasho, akatoka, na baiskeli ikalia kwenye mawe mpaka isisikike.

"Ungesema tu mgonjwa," Wangoi alinong'ona.

"Mbele ya mjukuu wake?"

Sitelbanat aliwaambia wasichana waende msibani. Mabrouka alipofika mlangoni alikimbia, na kilio chake kikasikika kikiingia uani, cha kitoto kabisa, kikapokewa na vilio vya wanawake. Sitelbanat alifuta ubao. Hesabu ya magunia aliiacha.

Alipovuka kichochoro alimkuta Fatna amekaa chini ukutani, miguu ameinyoosha, kikombe cha chai kimepoa mkononi.

"Wamekupa karatasi yako?"

"Hapana."

"Kwa ajili ya pasi."

"Kwa ajili ya pasi."

Fatna alikizungusha kikombe. "Nilikuwa nimwambie baada ya mfungo. Nikasema, wacha kwanza mgongo upoe." Uani wanawake walikuwa wakigombana kuhusu chumvi. "Wataibomoa na nyumba?"

"Wataanza na shule, nadhani."

"Na kesho? Utapiga chuma chako?"

"Nitapiga."

"Mpaka waje?"

"Mpaka waje." Sitelbanat alijifunga kanga kiunoni. "Na wale huchelewa."

Akachungulia ndani ya pipa. Maji yalikuwa yamefika chini. Akachukua debe, akashika njia ya relini.