Paa Jeupe la Chekechea

Chekechea ya Mwalimu Benadetha, hapa Mbamba Bay, ina vyumba viwili chini ya paa moja la bati. Mchana watoto wanaiva. Tukapewa msaada wa ndoo za rangi nyeupe, ile ya kurudisha joto la jua, tukapaka paa la chumba kimoja kwanza. Mzee Wendelin, mwenyekiti wa kamati, akasema joto lisiposhuka, ndoo zilizobaki zitapaka ukuta wa kanisa la kigango. Kupima nikapewa mimi, Tarsisi, kwa kuwa nilifaulu fizikia, au tuseme fizikia ilinihurumia.

Nikafunga madirisha, nikaning'iniza kipimajoto katikati ya kila chumba, usawa mmoja. Saa nane kamati ikaingia. Kwenye rangi, nyuzi thelathini na mbili. Kwenye bati tupu, thelathini na mbili.

"Basi," akasema Mzee Wendelin. "Tumelipaka bati poda."

"Hapana, Mzee," akasema Mwalimu Benadetha. "Jana mtoto kazimia chumba cha bati. Cha rangi wanaimba. Tarsisi, pima tena."

"Mwalimu, kipimajoto hakibembelezwi," nikamjibu.

"Basi nipishe."

Paa letu limeinama kwa nyuma. Ukiwa mlangoni hulioni. Mwalimu akazunguka, sote tukamfuata. Tukakuta ngazi, na juu yake Mama Ephrasia, mke wa mwenyekiti, anageuza mihogo. Bati lote lisilopakwa limefunikwa mihogo iliyomenywa.

"Shikamoo, Mama. Umeianika lini?" akauliza Mwalimu.

"Marahaba, mwanangu. Leo asubuhi. Jana niliianika kule kwenye rangi, ikashinda mibichi! Bati lenu lile linaumwa nini? Halichomi kabisa."

Mzee Wendelin akakohoa. Kumbe nimeshinda nikilinganisha rangi na mihogo, maana mihogo nayo imelikinga bati na jua.

"Haya," akasema mzee, "maneno ya mke wangu yanatosha."

"Hayatoshi," akasema Mwalimu. "Kesho mtasema yalikuwa maneno tu. Mama, naomba tuishushe, tupime leo leo."

Akajifunga kanga kiunoni, akapanda. Mihogo ikashuka ungo kwa ungo, mwenyekiti akipokea chini.

"Taratibu, Mzee," nikamwambia, "hicho ndicho chakula chako cha jioni."

"Pokea, acha mdomo."

Tukasubiri bati lishike moto. Tulipoingia tena, chumba cha rangi kilikuwa palepale. Cha bati tupu, thelathini na saba. Mzee Wendelin akasoma, akafuta miwani, akasoma tena.

"Fungueni ndoo," akasema.

Mwalimu Benadetha alikuwa ameshafungua moja.