Mchuchumio wa Jesca

Kwa miaka minane wapangaji wa nyumba ile ya Buza hawakuhitaji saa kujua kwamba jioni imefika. Waliusikia mchuchumio wa Jesca ukiingia koridoni, ko, ko, ko, mwenye chai akabandika chai, mwenye nguo kambani akatoka kuanua.

Vilikuwa viatu vyeusi vyenye ncha mbele na kisigino chembamba, kirefu kama kidole cha kati. Havikuwa na mkanda, wala ua, wala kidude chochote cha kung'aa. Jesca alivipata mtumbani Tandika, akavipeleka kwa fundi kubadilisha vile vipande vya chini ya kisigino. Fundi alipotaka kumwekea mpira laini, alimkatalia katakata.

"Weka ngumu hiyo. Kiatu kisicholia si ndala tu?"

Alikuwa mtu wa mapokezi katika ofisi moja ya mjini, na alisema ukivaa ndala watu wanakuuliza una shida gani, ukivaa mchuchumio wanakuuliza wakusaidie nini.

Clara aliishi chumba cha kwanza kushoto. Alikuwa muuza mihogo ya kukaanga, Mngoni wa Songea, na Jesca alikuwa Mhehe wa Iringa. Anayewajua Wangoni na Wahehe anajua kwamba hapo heshima haipo, kuna utani. Babu zao walipigana vita mpaka wakachoka, wakaona heri wachekane. Kila jioni Jesca alisimama mlangoni kwa Clara kabla hajafika kwake.

"Mngoni! Leo umekula panya wangapi?"

"Hesabu kwanza mbwa waliobaki Iringa!" Clara akajibu kutoka ndani, na hapo wameshaamkiana.

Lakini moyoni Clara alivitamani vile viatu. Tuseme ukweli, alivitamani mpaka aibu. Kuchuchumia ni kusimama kwa ncha za vidole ili ufikie kitu kilicho juu, na Clara hakuwahi katika maisha yake kufikia chochote kwa njia hiyo. Kazi yake ilikuwa ya kuinama, kumenya, kupuliza moto, kugeuza mihogo. Miguu yake ilikuwa imetanuka kama mikate iliyoumuka vizuri. Alipomwona Jesca akipita, shingo juu, mgongo wima, alijiambia kwamba pengine urembo wote wa yule Mhehe uko kwenye visigino, na kwamba hata yeye angeinuliwa kidogo tu angeonekana mtu.

Jesca alianguka kazini Jumatatu, na Jumatano akafa. Alikuwa na miaka thelathini na minne. Aliwaacha mama yake, Bibi Eufrazia, aliyekuwa ametoka Iringa kuja kumlelea mtoto, na mtoto mwenyewe, binti wa miaka sita aitwaye Monica. Mtoto aliambiwa mama amesafiri. Watu wazima tunaupenda uongo huo kwa sababu unatupumzisha sisi. Siku ya kuaga mwili alipelekwa nyumba ya pili kuangalia katuni.

Msibani mtani ana kazi yake. Ndugu wakiwa wanalia, yeye ndiye anayevaa nguo za marehemu, anaigiza sauti yake na mwendo wake, ili watu wacheke kidogo wapate kupumua. Alichovaa ni chake, anaondoka nacho. Tena ana haki ambayo ndugu hawana: mdomo wake haufungwi, anasema yale ambayo wenye msiba wanashindwa kuyasema. Kwa hiyo, jeneza lilipokuwa bado linasubiriwa, Clara alijifunga sketi ya Jesca, akatumbukiza miguu yake kwenye mchuchumio, akajikanyaga mara mbili, kisha akasimama.

Na aliposimama, akasimama kweli. Mgongo ulinyooka wenyewe, kidevu kikapanda, makalio yakakumbuka kwamba yapo. Alitembea koridoni mpaka uani, mguu wa kushoto akiugonga kwa nguvu kuliko wa kulia, kama Jesca. Akasimama mlangoni kwake mwenyewe, akaita kwa sauti nyembamba, "Mngoni! Leo umekula panya wangapi?" Watu walicheka mpaka wakaangua kilio upya. Clara akaona raha. Hilo ndilo lililokuja kumtesa baadaye: rafiki yake amekufa, naye ndani ya viatu vyake alikuwa anaona raha.

"Mama kaja!"

Monica alikuwa amechomoka kwa jirani. Alikuja mbio, akadakwa na bibi yake kabla hajauona uso wa aliyevaa, akarudishwa kwenye katuni. Maziko yakafanyika Segerea.

Sasa, utani wa msiba una mwisho wake. Clara alifundishwa kazi hiyo na mjomba wake Benedikto, na neno la kwanza alilofundishwa ni hili: udongo ukishafunika jeneza, mtani anavua. Marehemu ameshaagwa. Ukiendelea kumwigiza baada ya hapo hufanyi mzaha tena, unamwita. Clara alilijua hilo vizuri, kwa hiyo tusimtafutie kisingizio.

Siku ya nne ya msiba Bibi Eufrazia alimjia na sahani ya wali mkononi, wali uliopoa.

"Mtani, mtoto hali. Tangu juzi ni maji tu. Anasema hali mpaka mama yake aje, maana amemsikia." Akaitazama sakafu. "Tembea kidogo. Basi tu apate kula."

"Shikamoo mama. Lakini tumeshazika."

"Marahaba. Najua tumezika, nani asiyejua? Tembea."

Clara alitembea. Ko, ko, ko, mpaka kwenye pazia la chumba cha pili kulia, kilichokuwa cha Jesca, akasimama hapo bila kusema neno. Ndani alimsikia bibi akisema, "Si huyo? Amechoka, usimsumbue, kula." Halafu kijiko kikagonga sahani. Machozi yalimtoka Clara, lakini hakuvua.

Kesho yake alitembea tena, na keshokutwa. Mtoto alikula, akaanza hata kunenepa. Clara alijiambia anafanya kwa ajili ya mtoto, na nusu ya maneno hayo yalikuwa kweli. Nusu nyingine ni kwamba kuanzia saa tisa alikuwa anazima moto wa mihogo mapema, anaosha miguu kwa sabuni ya kuogea, anajipaka mafuta mpaka visigino, anakaa kitandani akisubiri ifike saa kumi na moja, saa ya Jesca kurudi. Yeye alivaa namba arobaini, viatu vilikuwa thelathini na nane. Wiki ya kwanza vilimtoa malengelenge. Wiki ya pili vilimkaa sawasawa. Hakujiuliza ni viatu vilivyotanuka au ni miguu yake iliyonywea.

Mwishoni mwa wiki ya tatu alikwenda Chanika kwenye komunyo ya mtoto wa kaka yake, akalala huko. Alirudi Jumapili mchana, akamkuta Bibi Eufrazia uani anachambua mchele, uso umechangamka.

"Mtani, jana umetembea ukatembea! Mtoto kamaliza sahani mbili. Na ulivyosimama mlangoni kwako kama mwenyewe, mie hata nikasahau."

Clara aliushusha mkoba chini taratibu.

"Mama, jana nimelala Chanika."

Ungo ukabaki hewani. Clara alifungua fundo la kanga, akatoa ufunguo wa chumba chake, mmoja tu uliokuwepo. Walifungua wote wawili. Viatu vilikuwa chini ya kitanda ndani ya boksi lake, boksi limefungwa kwa kamba kama alivyoliacha. Hakuna kilichoguswa. Clara alikuwa anaomba kwamba chumba kiwe kimevunjwa, na kilivyokuwa kizima ndivyo hofu ilivyomwingia mpaka kwenye meno.

Monica walimkuta kitandani anachora. Clara alikaa pembeni yake.

"Jana ulimsikia mama?"

"Aliingia," mtoto alisema bila kuinua kichwa. "Kasema Jumamosi tunaenda wote. Nisibebe vitu vingi."

Bibi Eufrazia alishika ukingo wa mlango. Juma lile alifanya yote anayoweza mtu kufanya. Alikwenda parokiani kulipia misa, alinyunyiza maji ya baraka korido nzima. Alitaka kupanda basi la Iringa na mtoto, mtoto akapandwa na homa, ikapanda tena kila bibi aliposhika begi. Clara hakuvigusa viatu. Lakini kila saa kumi na moja, akiwa amejifungia chumbani, alivisikia vikiingia kutoka nje, vikija, vikisimama mbele ya mlango wake kwa muda wa mtu kutupa neno moja la utani. Neno halikutupwa. Vikaendelea mbele.

Ijumaa Bibi Eufrazia alimfuata.

"Huyu mtoto anamngoja mtu aliyesafiri. Anayemngoja msafiri ataondoka naye. Aambiwe ukweli."

"Mwambie, mama. Ni mjukuu wako."

"Mie ndiye niliyemwambia amesafiri. Nikifungua mdomo kusema vingine unajaa mate tu." Akamshika mkono. "Wewe ni mtani. Wewe ndiye usiyefungwa mdomo. Na wewe ndiye uliyemwita."

Clara hakulala. Haikuwa hofu peke yake. Alijua kwamba akisema, hatasimama tena mbele ya lile pazia akiwa mrefu, akiwa mrembo, akiwa mama wa mtu. Yeye hakujaaliwa mtoto. Aliona aibu kwamba katika saa kama ile aliweza kulihesabu na hilo.

Jumamosi, saa kumi ilipogonga, alivivaa viatu kwa mara ya mwisho, na safari hii hakuishia kwenye pazia. Alilifunua akaingia. Monica alikuwa amekaa kitandani, amevaa gauni la kanisani, begi la shule mgongoni.

"Nitazame miguuni," Clara alisema.

"Viatu vya mama."

"Aliyevaa ni nani?"

"Wewe, anti Clara."

"Basi ni mie niliyekuwa natembea koridoni siku zote. Nilikudanganya. Nisamehe."

Mtoto alimtazama kwa huruma, kama anayemfundisha mtu mgumu wa kuelewa.

"Wewe unaishiaga kwenye pazia," alisema. "Mama anaingiaga."

Clara alipiga magoti, viatu vikamkunja vidole, akamshika mtoto mabega yote mawili.

"Monica, mama yako hakusafiri. Mama amekufa. Tulimzika Segerea, mie mwenyewe nilitupia udongo kwa mkono huu. Aliyekufa harudi kukaa na watu, na anayemfuata naye anakufa. Bibi yako hakutaka ulie ndiyo maana hakusema."

Bibi Eufrazia aligeukia ukutani. Mtoto aliukazia macho mkono wa Clara, kama anautafuta ule udongo. Halafu akalia. Alilia kilio kikubwa kuliko mwili wake, akampiga Clara ngumi za kifua, akamwita muongo, akamng'ang'ania. Wapangaji walitoka vyumbani, wakasikia, wakarudi wakafunga milango yao. Alipochoka, Clara alivuta sahani ya wali na maharage akamlisha kwa mkono, tonge baada ya tonge. Mtoto akala huku kwikwi zikimkatisha. Ndiyo mara ya kwanza tangu msiba alipokula bila kusikia kiatu.

Sahani ilikuwa imekwisha waliposikia. Ko, ko, ko.

Clara alitazama miguu yake. Viatu alikuwa navyo.

Mwendo uliingia kutoka barazani, wa kushoto ukigonga kwa nguvu. Ukasimama mbele ya chumba cha kwanza. Clara alitafuta neno la kujibu, utani wowote, jambo la mbwa, jambo lolote, akalikosa. Mwendo ukaendelea, ukaja mpaka kwenye pazia, ukatulia. Hapakuwa na upepo, lakini pazia lilitutumka kidogo kwa chini, kimo cha kisigino.

Monica alivua begi mgongoni. Alijipangusa uso kwa gauni la kanisani.

"Mama," alisema, "mie nimeshakula. Siendi. Nenda tu peke yako. Kwaheri."

Viatu vilisimama pale muda mrefu kuliko anavyosimama mtu anayeondoka. Kisha vikageuka. Vilianza kurudi polepole, na Bibi Eufrazia, ambaye siku zote hizo hakuwa ametoa chozi, akanyanyuka, akanyoosha mikono kuelekea korido, akafungua kinywa kumwita mwanawe. Clara alimuwahi. Alimziba mdomo kwa kiganja, akambana hivyo hivyo ukutani, machozi ya mama wa watu yakimtiririkia vidoleni, mpaka korido ikanyamaza.