Shahidi Pekee Aliye Hai

"Shahidi pekee aliye hai," ilisema sauti nzito ya msimulizi, na uso wa Bawabu ukajaa kwenye televisheni, makunyanzi yote yakionekana.

Dobi alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na mlango. Kiti chake cha siku zote alikuwa amepewa Bawabu, kwa kuwa leo ndiye mgeni rasmi. Sebule ilikuwa imefurika majirani waliokuja kumtazama Bawabu wa kwenye kioo, huku Bawabu wa nyama na damu amekaa mbele yao anakunywa soda.

"Pekee?" Dobi akauliza. "Kwani mimi nimekufa lini?"

"Baba watoto, hebu tusikilize," mkewe akasema bila kugeuka. Bawabu alikuwa kaka yake, baba mmoja mama mmoja, na tangu filamu ianze mama huyu alikuwa hata kupepesa macho hataki.

"Nauliza tu. Mnionyeshe kaburi langu nikalipalilie."

Majirani wakacheka. Bawabu naye akacheka, lakini alitazama chini, na hakusema, "Jamani, na shemeji yangu alikuwepo." Dobi alilisubiri neno hilo mpaka majina ya watengenezaji yakaanza kupanda kwenye kioo. Halikuja.

Wote wawili walifanya kazi katika hoteli moja, enzi hizo nywele zao zingali nyeusi. Dobi ndiye aliyetangulia, tena ndiye aliyemwombea Bawabu kazi, wakati ule anamchumbia dada mtu na anatafuta namna ya kupendwa na ukoo. Bawabu akapewa kofia na koti lenye vifungo vya kung'aa, akawekwa mlangoni aonekane na watu. Dobi akabaki chini, kwenye chumba cha kufulia kisicho na dirisha, ambako mtu hukumbukwa pale tu kifungo kinapopotea. Miaka yote hiyo hakuona wivu. Kazi ni kazi, na mishahara yao ilikuwa inafanana.

Waziri aliyelala pale usiku wa kuamkia siku ya mauaji yale ya kwenye filamu alipendwa na wengi na kuchukiwa na wachache, ila wachache hao ndio waliokuwa na bunduki. Alikuwa aende kuhutubia mkutano, ataje hadharani majina ya waliokula mali ya umma. Hakufika. Walimpiga risasi kwenye ngazi za nje, akielekea kwenye gari, akaangukia mikononi mwa Bawabu. Hayo nchi nzima inayajua. Kisichojulikana ni kwamba muda mfupi kabla ya hapo Dobi alipanda ghorofani na shati la Waziri kwenye henga, shati la bluu ya kupauka. Waziri akalivaa mbele yake, akahangaika na kola, akasema, "Bwana dobi, wanga wote huu! Unataka kunikata shingo?" Akacheka, akampiga Dobi begani, akatoka mbio mbio kwa kuwa alikuwa amechelewa.

Maneno hayo Dobi hakuwaambia polisi. Siku zile, mtu akitaja kukata shingo karibu na maiti ya waziri, yeye ndiye huanza kuulizwa maswali. Hofu ilipokwisha alikuwa ameshazoea kunyamaza. Yakawa mali yake. Kuna siku alikuwa akipiga pasi kola ya mtu yeyote tu, akayakumbuka, akacheka peke yake.

Kwenye filamu hapakuwa na kicheko. Mwigizaji mmoja mrefu, aliyeigiza Waziri, alishuka ngazi polepole, fidla zikilia, amevaa shati jeupe pe. Alipofika mlangoni akamshika mkono kijana aliyeigiza Bawabu, akamwambia, "Wakinipata mimi, nchi hii hawataipata." Nusu ya majirani walifuta machozi. Dobi alitaka kuwaambia kwamba Waziri hakuwa mtu wa kushuka ngazi polepole, alikuwa akiziruka mbilimbili kama mtoto wa shule. Lakini lililomtoka lilikuwa dogo.

"Shati lilikuwa la bluu," akasema.

"Mzee," jirani mmoja akamjibu kwa upole, "si umeona mwenyewe ni jeupe?"

Kuanzia hapo hakukuwa na raha. Maneno yale ya mlangoni yakachapwa kwenye fulana. Walimu wakamwalika Bawabu shuleni, watoto wakamwimbia. Wanasiasa waliokuwa wachanga, au wamejificha, siku Waziri alipouawa, wakampandisha majukwaani wapige naye picha. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na Bawabu alitia maji kila wiki: mara Waziri alimtazama machoni kwa muda mrefu, mara alimkabidhi nchi kabisa, kama mtu anayeacha ufunguo wa chumba.

Dobi sasa ana kibanda chake mwenyewe cha kufua na kupiga pasi, kwenye kona, na wateja wake ni wa siku nyingi. Hao hao ndio waliomtia msumari wa moto kwenye kidonda. "Kumbe wewe ni shemeji wa yule mzee wa filamu!" Mtu mzima, mwenye kibanda na wajukuu, akageuka kuwa shemeji wa mtu. Wakamletea na zile fulana. Fulana yenye maandishi ni lazima igeuzwe ndani nje kabla ya kuipiga pasi, la sivyo rangi inaganda kwenye chuma. Dobi alizigeuza kwa furaha zaidi kuliko kazi yenyewe ilivyohitaji.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alimwambia mkewe siku moja, fulana mkononi.

"Sema tu una wivu."

"Ninao. Nimekataa?"

"Kaka yangu hakusema yuko peke yake. Msimulizi ndiye aliyesema."

"Na kaka yako alikuwa ameziba masikio?"

Mama huyo akaenda zake jikoni. Kati ya mume na kaka, alikuwa amechoka kuwa mpaka.

Kila jioni, baada ya kufunga kibanda, Dobi alimwomba simu binti yao wa mwisho, akaketi barazani kuitazama ile filamu. Haikuwa kwa mapenzi. Alikuwa anawinda makosa. Chumba cha Waziri hakikuwa na saa ukutani. Zulia la ngazi lilikuwa la kijani, si jekundu. Aliisimamisha picha, akairudisha nyuma, akaisimamisha tena, na kila kosa alilolipata lilimpa raha kama ya kukuna upele. Msimu ukapita hivyo. Ilifika mahali midomo yake inamtangulia mwigizaji.

"Baba, hii filamu sasa unaijua kuliko aliyeitengeneza," binti alimwambia.

"Adui lazima umjue."

"Mjomba ndiye adui?"

Dobi akamrudishia simu. Binti, ambaye alimpenda baba yake na alikuwa amechoshwa naye, akawatafuta watengenezaji wa filamu akawapigia. "Yupo mwingine," akawaambia. "Ni baba yangu, na hajafa." Bahati ikawa upande wake: walikuwa wanaandaa sehemu ya pili.

Wakaja asubuhi, mwongozaji mwanamke mwenye sauti ya taratibu na mpiga picha mnene aliyetoka jasho kabla hata hajafungua mizigo. Dobi alikuwa amenyoa ndevu na kufagia kibanda mpaka nje kwa majirani. Wakamsimamisha nyuma ya meza ya kupigia pasi, dirisha likiwa upande wake mmoja. Walipokuwa wanaandaa kamera, Bawabu akatokea mlangoni, hakuna aliyemwita.

"Nimekuja kukusindikiza, shemeji."

"Karibu, shemeji. Kaa hapo kwenye benchi la wateja."

Dobi alifurahi. Alitaka awepo, asikie. Usiku kucha alikuwa ameyapanga: shati, kola, wanga, shingo, kicheko. Nchi ikisikia hayo, nani atataka tena hotuba za mlangoni? Kicheko cha mwisho cha Waziri kilikuwa chake Dobi, na leo alikuwa anakitoa.

"Tuanze taratibu, mzee," mwongozaji akasema. "Ulimpelekea shati asubuhi ile. Unalikumbuka?"

"Sana. Nililipiga pasi kwa mkono huu. Kola kwanza, kisha mabega, kisha mikono, mwili mwisho. Nikalitia kwenye henga nikapanda nalo. Jeupe pe, halina hata alama."

Alilisema kwa sauti imara. Mwongozaji akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Binti, aliyesimama mlangoni, akakunja uso kidogo. Kwenye benchi, Bawabu akakohoa.

"Shemeji," akasema, "lilikuwa la bluu."

Mpiga picha akainua jicho kutoka kwenye kamera.

"Nini?" Dobi akauliza.

"Shati. Lilikuwa bluu hivi, limepauka. Si nililishika?" Bawabu alifungua viganja vyake akavitazama. "Lililowa mikononi mwangu. Hata hawa niliwaambia tangu mwanzo. Wakasema kwenye jeupe damu inaonekana vizuri."

Mwongozaji akatabasamu, tabasamu la mtu aliyekamatwa na jambo dogo. "Ni kweli, tulijadiliana. Lakini usijali, mzee. Jeupe linaoana na sehemu ya kwanza, na watazamaji wameshalizoea. Tuliache hivyo hivyo. Sasa tuambie, Waziri alikwambia nini?"

Dobi alifumba macho. Alilitafuta shati la bluu, akaona jeupe. Akakitafuta kile chumba, akakikuta na saa ukutani, ile ile aliyokuwa akiicheka. Maneno aliyakumbuka, yote, yamejipanga kama vifungo mezani. Ila sauti iliyokuwa inayasema ilikuwa nzito na ya polepole, na nyuma yake fidla zikilia. Akajaribu kicheko. Yule mwigizaji hakucheka popote kwenye filamu, kwa hiyo hapo palikuwa kimya tu. Kila jioni, kwa kijicho chake mwenyewe, alikuwa amemkaribisha mtu yule ndani, akamkalisha, na mwenyewe Waziri akatoka bila kuaga.

Lililomchoma zaidi ni kwamba ile bluu haikupotea. Alikuwa nayo Bawabu. Hata hii, Dobi akawaza, hata hii anayo yeye!

Akafumbua macho. "Na yale ya mlangoni," akamuuliza shemeji yake, kamera bado inaendelea, "aliyasema kweli?"

"Waliniuliza alisema nini. Nikawaambia hakusema kitu, alikuwa anakimbilia gari. Wakauliza tena. Wakauliza, kwa unavyomjua, angesema nini? Basi nikawaambia." Alijipangusa viganja kwenye suruali ingawa vilikuwa vikavu. "Sasa nikifumba macho namsikia kabisa anayasema. Sijui tena, shemeji. Sikuombi uniamini."

"Na mimi? Uliwaambia nilikuwepo?"

"Nilikutaja. Wakakata."

Huenda ni kweli, huenda si kweli. Mwongozaji alikuwa anatazama karatasi zake.

"Wazee wangu," akasema, "mwanga unatukimbia. Mzee, tunakusikiliza."

Ilikuwa rahisi. Angesema jeupe, angesema na maneno ya kola, na nchi nzima ingemwona, na yule jirani mpole angekuja kumpa mkono. Dobi alilitamani sana jambo hilo. Lakini alikuwa dobi, na maisha yake yote hakuwahi kumpa mtu nguo ya mwingine akisema ndiyo yako.

"Muulizeni yeye," akasema, akatoka nyuma ya meza. "Mimi sina."

"Baba!" binti akaita.

"Nimesema sina."

Hakulisema kwa wema, na hakuna aliyemdhania wema. Bawabu aliinuka kwenye benchi taratibu, akapita karibu naye bila kumgusa, akasimama pale alipokuwa amesimama Dobi. Mpiga picha akachungulia kwenye kamera, akaguna.

"Upande mmoja una giza. Mzee, hebu nisaidie kushika hii."

Akampa Dobi ubao mweupe, mwepesi, mkubwa kama mlango wa kabati.

"Wa nini?"

"Unapokea mwanga wa dirishani unamrushia usoni. Bila huo nusu ya uso haionekani."

Dobi akaushika kwa mikono miwili. Akatafuta dirisha, akainamisha ubao kidogo, na nusu ya uso wa Bawabu ikatoka gizani.

"Vizuri hapo," mwongozaji akasema. "Sasa, mzee, shati la Waziri lilikuwa la rangi gani?"

Bawabu alitazama kwenye kioo cha kamera, ambako nyuma yake walikaa walimu na watoto waliomwimbia na watu wote wenye fulana. Nyuma ya ubao Dobi alichungulia mdomo wa shemeji yake. Sema jeupe, aliomba moyoni mwake, sema jeupe, shemeji, na wewe upotelewe, tuwe wawili. Ubao ukamshuka kidogo mikononi, na mwanga nao ukateremka kwenye kidevu cha mwenzake.

"Inua kidogo, mzee," mpiga picha akanong'ona.

Dobi akainua. Mwanga ukapanda shavuni, ukamfika Bawabu machoni, na Bawabu akayafumba.