Daraja Lililokataa Kufa

Kwa hesabu za Injinia Kemuma, daraja la zege kwenye barabara ya kwenda Ogwedhi lilipaswa kuwa limeanguka zamani. Michoro yake ilipotea, vyuma vilichungulia chini ya mihimili kama mbavu za mbwa wa sokoni, na kompyuta ilisema halibebi hata pikapu ya viazi. Kemuma akatangaza hivyo barazani, bila kupepesa macho. Mheshimiwa Okari, diwani wa pale, alikaribia kucheza: hili likifa, jipya lingeitwa Okari.

Kilichobaki ni jaribio. Lori la mchanga lingesimama katikati, na saa za kupimia zilizofungwa chini ya mihimili zingeonyesha zege limeshuka kiasi gani. Okari akaja na kwaya nzima, imevaa nyeusi, kuliaga daraja.

Lori halikuja. Dereva alikuwa amehudhuria lile baraza. "Madam, mimi nina watoto," akasema kwenye simu, akaizima.

Kemuma alikuwa chini ya daraja, akitazama saa zake, aliposikia kwato. Ilikuwa siku ya mnada, na Nchagwa, mfugaji wa Kikuria mwenye sauti ya spika ya mkutano wa injili, alikuwa nyuma ya kundi kubwa la ng'ombe.

"Simama! Daraja imefungwa!" Kemuma akapiga kelele.

"Waambie wao, mama! Mimi nawafuata tu!"

Ng'ombe wakajaa darajani, wazito kushinda lori la mchanga, wakaiona kwaya ng'ambo, wakagoma hapo hapo. Pengine hawakupenda nyeusi. Kemuma alitaka kukimbia, lakini akabaki na saa zake. Akamwomba Mungu, kisha akaitazama saa. Mshale ulisogea kidogo sana, ukatulia. Kwaya iliposogea kando, ng'ombe wakapita, na mshale ukarudi sifuri, kana kwamba hakuna aliyepanda.

Akacheka peke yake, halafu akalikumbuka baraza. Alikuwa amekadiria vyuma vichache mno ndani ya zege lile, na tarafa nzima ilikuwa imemsikia.

Alipanda juu, matope magotini. "Mheshimiwa, liko imara. Nilikosea."

"Utakoseaje? Wewe si uko na digrii?"

"Mbili. Zote zimekosea."

Okari akashusha sauti. "Sasa huwezi kulipima tena, mpaka lishindwe?"

"Hapana. Tutafunika vyuma vilivyo wazi, malori mazito yapite moja moja, basi."

Okari akaegemea ukingo ili afikirie atawaambia nini watu. Ukingo, ambao hakuna aliyekumbuka kuupima, ukakatika. Mheshimiwa akatua kwenye maji ya magotini, pamoja na vitu vingine ambavyo ng'ombe walikuwa wameviacha. Kwaya ikatazamana, na kwa kuwa ilikuwa imejiandaa kwa mazishi, ikaanza kuimba.

Nchagwa alishuka kumvuta kwa fimbo, akimsihi kwa heshima zote asimguse kwa mikono ile. Kemuma akasubiri wimbo uishe, kisha akaagiza daraja lifunguliwe, na kingo zote zibomolewe, zijengwe upya.